Mnara wa Purna Kaji

Purna Kaji Duwal ni mtu wa mianzi. Sisemi fundi, maana hapa kwetu Chasukhel kila mwenye nyundo na mdomo anajiita fundi. Yeye ni mtu wa mianzi hasa. Akipita mlangoni kwako unasikia harufu ya mwanzi mbichi kabla hujasikia salamu yake, na salamu yenyewe ni kuguna tu. Tumeishi ua mmoja tangu nilipoolewa. Mlango wake unatazamana na wangu, kisima kiko katikati, na kuta zetu ni nyembamba kiasi kwamba ukikohoa jirani anakupa pole. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikusimuliwa.

Mimi naitwa Chiri Maya, nauza mtindi kwenye bakuli za udongo pale kona ya kiwanja. Nina mdomo, najua, msihangaike kuniambia.

Kazi kubwa ya Purna Kaji ilikuwa kufunga taha. Mtu akifariki Bhaktapur, mji wetu huu wa Nepal, mwaka hauishi kabla watu wake hawajamtengenezea taha, mnara wa mianzi mirefu uliovikwa nguo. Mwanamke huvikwa sari nyeusi yenye ukingo mwekundu, mwanamume nguo nyeupe. Juu unawekwa mwavuli, kifuani picha ya marehemu. Siku ya Saparu, katikati ya mvua za Agosti, ndiyo siku mlango wa wafu huachwa wazi. Siku hiyo wanaume wanne wanaibeba taha mabegani na kuizungusha mji mzima, kwa njia ile ile waliyozungushwa babu zetu, mpaka irudi ilipoanzia. Fimbo zinagongana, ngoma zinalia, watu wanacheza huku machozi yanawatoka. Taha ikikamilisha mzunguko, marehemu amepita. Isipokamilisha, amebaki barabarani.

Na nani alikuwa anamfungia nani? Nusu ya maiti wa mtaa huu wamepita mikononi mwa Purna Kaji. Baba mkwe wangu alifungiwa na yeye. Ilikuwa ndefu, imenyooka, haikuyumba hata ilipokata kona ya wafinyanzi ambapo taha za watu wengine huinama na kugonga madirisha. Mkewe, Dil Keshari, alikuwa anashona nguo za kuvika. Walikuwa wanakaa uani, yeye anachonga, mkewe anashona, wanagombana kuhusu chumvi ya mchuzi wa juzi. Ndiyo mapenzi yao hayo.

Walikuwa na mtoto mmoja, Rabin. Mmoja tu. Dil Keshari alimpata baada ya kuzunguka mahekalu yote ya bonde hili na kufunga siku zisizo na idadi. Mtoto mwenyewe mcheshi, mvivu kidogo, mpenda mtindi wangu wa bure. "Shangazi Chiri, leo bakuli lipi limevunjika ukingo? Nikusaidie kulimaliza." Basi, namcheka na kumpa. Akaenda Uarabuni kama vijana wote, akafanya kazi kwenye boti za kupeleka vifaa huko wanakochimba mafuta baharini. Siku moja mwenzake akapiga simu. Boti imezama. Wengine wameokolewa, wengine wamepatikana wameshakufa. Rabin hakuonekana, hai wala maiti.

Purna Kaji alikaa kwenye ngazi ya kisima kutwa nzima. Kisha akaamka, akaenda kwa kuhani. Kuna njia, ndugu zangu, mtu asipopatikana. Unatengeneza sanamu ya majani matakatifu, unaichoma moto mtoni kama mwili, unaomboleza, na Saparu ikifika unamfungia taha yake. Lakini kuhani hafanyi mpaka baba na mama wote wawili wakubali. Na Dil Keshari alikataa katakata.

"Nichome majani nikisema ni mwanangu?" alisema, na ua mzima ukasikia. "Nani alimwona amekufa? Wewe ulimwona?"

"Boti imezama, mama Rabin."

"Boti imezama, sikukatalii. Mwanangu si boti."

Basi. Huwezi kubishana na mama aliyefika hapo. Kila Saparu Purna Kaji alifunga taha za watu wengine. Alikuwa anaziangalia zinaondoka, anasimama kichochoroni mpaka ngoma zisisikike tena, ndipo arudi uani. Aliniambia mara moja tu, siku nilipompelekea mtindi wa bakuli lililovunjika ukingo, nikaona uso wake unabadilika. "Shemeji, nimewapitisha watu wa mji huu wote," akasema. "Wangu amesimama nje, ananiangalia."

Hicho ndicho alichokitaka duniani, wala hakutaka kingine. Rabin azunguke mji, amalize, apite.

Sasa nije kwenye hawa warembeshaji.

Ninyi mnaokuja leo mnaukuta mji umepakwa poda. Hamkuuona baada ya tetemeko, wakati nyumba zilikuwa zimeegemezwa magogo na mbwa wanazaa kwenye mahekalu. Ikaja Kamati ya Kuurembesha Mji. Siwaonei, walifanya kazi. Matofali yalipangwa upya, madirisha ya kuchongwa yakasafishwa, taa zikatundikwa, geti la tiketi likajengwa. Leo kuna mkahawa kila penye ngazi. Mtalii anafundishwa kufinyanga chungu, anapigwa picha akiwa na udongo puani, anaondoka na chungu kilichopinda akidhani ni mali. Kuna ngoma ya vinyago kila Jumamosi, hata kama mungu wa kinyago hicho siku yake ni mara moja kwa mwaka. Mtindi wangu nao ukatoka, tena sana, sikatai. Nilitia taa mpya dukani.

Lakini walikuwa na vituko! Bibi mmoja wa kichochoro cha nyuma alikatazwa kuanika mpunga kiwanjani, ati anachafua. Akaanika darini kwake, akanyamaza. Msimu uliofuata wakamfuata wenyewe: bibi, njoo uanike kiwanjani, saa nne mpaka saa sita, wageni wanapenda. Akawauliza, "Na saa saba mpunga wangu ukiwa bado mbichi?" Wakamwambia auzoe tu, kesho auanike tena. Mpunga ule ule ulianikwa wiki nzima mpaka ukaota.

Kijana wao mkubwa alikuwa Subodh, mtoto wa hapa hapa, mama yake tulichota naye maji. Mpole, msafi, kofia kichwani na redio ya mkononi inayokoroma. Huyo ndiye aliyekuja uani mwetu na tabasamu lake mwezi wa Oktoba.

"Mjomba Purna, tunataka taha."

"Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu, mjomba. Ni Wiki ya Utamaduni, mwezi ujao. Wageni wengi wanakuja Novemba, na Saparu ni Agosti, mvua tupu, nani anakuja? Kwa hiyo tutawaonyesha Saparu mwezi wa Novemba. Moja tu, ndefu, nzuri."

Mimi nilikuwa kisimani, ndoo ikanitoka mkononi. "Ebo! Subodh! Utafunga taha ya nani? Na mlango umefungwa?"

"Shangazi, ni maonyesho tu."

"Maonyesho! Mama yako akifa mtamwonyesha pia?"

Akacheka kwa adabu, maana amefundishwa kucheka kwa adabu. Nilidhani Purna Kaji atamfukuza na panga la mianzi. Badala yake akauliza kwa sauti ya chini, "Itazunguka?"

"Itazunguka, mjomba."

"Mji mzima? Njia yote, mpaka irudi ilipoanzia?"

"Mzunguko mzima. Nakuahidi."

"Nitafunga," akasema Purna Kaji.

Loo! Mtaa ulimgeukia. Tirtha Lal, kiongozi wa wacheza fimbo wetu, mtu wa maneno makali na moyo mwepesi, alikuja mpaka mlangoni akatema mate kando. "Umeuza wafu, Purna. Fimbo zetu hutazisikia. Waambie watalii wakupigie makofi." Mume wangu, Asta Narayan, aliacha kumsalimu. Mimi ndiyo usiseme, nilimpa vidonge vyake asubuhi na jioni. Yeye anachonga tu. Dil Keshari naye alikataa kushona, akasema hashoni nguo ya maiti asiyekuwepo. Siku ile ya maonyesho akachukua jembe lake alfajiri, akaenda shambani ng'ambo ya mto kuchimba viazi. Hakutaka hata kusikia ngoma.

Asubuhi hiyo hiyo, mkewe alipoondoka tu, niliingia kwa Purna Kaji nimuongezee maneno. Nikamkuta anaivika taha. Nguo nyeupe, ameishona mwenyewe, mishono mikubwa kama ya gunia. Na kifuani mwa taha ameweka picha, ameifunika na shada la maua ya njano. Shada likateleza. Nikamwona Rabin, picha ile ya pasipoti aliyopiga kabla hajasafiri, kavimbisha shingo ajifanye mtu mzima.

Nilikaa chini, hata sikuangalia nakalia nini.

"Purna Kaji! Una wazimu? Mama yake je?"

"Mama yake hatajua. Yuko shambani." "Shemeji, nikingoja akubali nitakufa mimi kwanza. Nani atamfungia basi? Wewe?"

"Na mlango umefungwa, si Saparu hii!"

"Nitaugonga. Mtu akigonga sana atafunguliwa. Niwe nimegonga." Kisha akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niolewe. "Ninachotaka azunguke tu. Mara moja. Usiseme, dada yangu."

Sikusema. Nilienda nikafungua duka.

Wakaja kuichukua, nami nikaacha duka nikaifuata njiani. Wabebaji wenyewe ni wahudumu wanne wa hoteli, wamevalishwa nguo za wakulima wa zamani, viatu vya michezo vinaonekana chini. Ngoma zilikuwa za kaseti, zinatoka kwenye spika juu ya mkokoteni. Purna Kaji anatembea nyuma, kofia mpya kichwani, midomo inacheza. Alikuwa anamsemesha, nadhani. Taha ilienda imenyooka, haikuyumba. Watu wa mtaa wamesimama milangoni, wamenuna. Upepo ukapeperusha lile shada na picha ikaonekana. Nikasikia mtu mmoja anasema, "Si Rabin yule?" Kisha mwingine. Neno likapita mlango kwa mlango haraka kuliko taha yenyewe, na dada mmoja wa ukoo wa Dil Keshari akavua kandambili, akakimbia kuelekea mtoni kumwita. Nilimwona, nikashindwa kumzuia.

Taha ilifika kiwanjani, robo ya njia tu. Hapo palikuwa na jukwaa, viti vya plastiki, na mgeni rasmi mwenye shada shingoni. Wahudumu wakaitua mbele ya jukwaa, wakaegemea, wakapewa soda. Mziki ukazimwa. Watalii wakasogea kupiga picha nayo.

Purna Kaji akamfuata Subodh. "Mbona wametua?"

"Tumefika, mjomba. Kazi nzuri sana! Hongera."

"Tumefika wapi? Huu ni mwanzo."

"Programu imebadilika. Mzunguko mzima ni muda mrefu, mgeni rasmi ana ndege. Sasa tunaifumua hapa hapa jukwaani, wageni waone inavyofungwa ndani. Utawaonyesha wewe mwenyewe!"

"Uliniahidi."

"Mjomba, jamani. Si taha ya kweli hii."

Mzungu mmoja, mama wa makamo mwenye uso mwema, akaelekeza kidole kwenye picha akauliza ni nani kijana huyu mzuri. Subodh akamjibu kwa lugha yake kisha, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akatutafsiria na sisi. "Nimemwambia ni picha ya mfano tu."

"Huyo ni mwanangu," akasema Purna Kaji.

Hakupaza sauti. Lakini sisi watu wa Chasukhel tuliokuwa nyuma ya kamba, tuliokuja kuzomea, sote tulimsikia. Akaenda kwenye kona moja ya taha, akainama, akaweka bega. Mtu mmoja hawezi kuinyanyua, kila mtu anajua, na yeye anajua zaidi. Ikainuka upande mmoja, ikainama, mwavuli ukayumba juu ya mgeni rasmi. Walinzi wakaja. Purna Kaji akang'ang'ania mwanzi, anasema neno moja tu, "Azunguke. Azunguke."

Tirtha Lal akatupa sigara. "Ondoeni mikono," akawaambia walinzi, akaruka kamba. "Mjinga wewe Purna, ungesema! Si ungesema!" Analia na kutukana kwa pamoja, akashika kona ya pili. Mume wangu akashika ya tatu. Ndipo nikamwona Dil Keshari anakuja katikati ya viti vya plastiki, miguu ina tope mpaka magotini, jembe bado mkononi. Watu wakampisha.

Akaiangalia picha.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Mama Rabin," akaanza mumewe.

"Nimekuuliza ni nani uliyemtundika hapo."

"Ni Rabin."

"Rabin amekufa?"

Dil Keshari akamsogelea mumewe. "Nijibu mbele ya hawa watu wako. Ulimwona? Ulimwosha? Ulimwashia moto? Umemtoa wapi maiti huyu?"

"Nimemtoa kifuani kwangu!" Purna Kaji akapasua sauti ambayo sikujua anayo. "Humo ndimo alimo! Namzika kila siku peke yangu, Dil Keshari, na wewe unapika wali wake! Nimechoka! Nimechoka, mke wangu!"

Akampiga. Ngumi kifuani, moja, nyingine, nyingine, ngumi za mwanamke wa shamba, na mzee wa watu amesimama anazipokea, bega lake chini ya mwanzi, hakuuachia. Simu za watalii zimeinuliwa juu. Hakuna aliyejua afanye nini. Subodh ndiye aliyesogea, masikini, na adabu yake. "Mama, tafadhali. Tunaifumua sasa hivi. Mianzi tu hii, dakika chache kila mtu anarudi nyumbani."

Dil Keshari akaacha kupiga. Akamwangalia Subodh, akaangalia jukwaa, akaiangalia tena picha ya mwanawe na shada la maua la Wiki ya Utamaduni. Nilimwona anaelewa kitu, na nilikielewa pamoja naye. Taha ikishatoka nyumbani imetoka. Mtu ameshatajwa, ameshaondoka mlangoni kwao mbele ya macho ya mtaa mzima. Ukiifumua njiani umemwacha njiani. Alikuwa hai kwa ajili yake mpaka asubuhi ile, na sasa mumewe alikuwa amemtoa nje na kumfungia mlango nyuma yake.

"Umenifunga, Purna," akasema. Sauti ilikuwa imeisha. "Umenifunga mikono na miguu. Hai au maiti, mwanangu halali jukwaani."

Akaweka jembe chini. Akaenda kwenye kona ya nne, akaweka bega.

Mwanamke habebi taha. Haijawahi kutokea, na mzee yeyote wa hapa angekataza. Wakainyanyua. Yeye ni mfupi kuliko wale wanaume, kwa hiyo taha ilienda imeinama upande wake njia nzima, taha ya Purna Kaji, imeinama. Wacheza fimbo wa Tirtha Lal wakatoka majumbani mmoja mmoja wakajipanga, wakagonga fimbo bila ngoma. Watu wakatoa maji na matunda. Watalii walitufuata nyuma, wengi kuliko waliobaki na mgeni rasmi.

Tulipofika mdomoni mwa kichochoro chetu, pale Rabin alipogeuka kutupungia siku aliyoondoka na begi lake, Dil Keshari akasimama. Taha yote ikasimama. Akainua uso, akalia. Sijui niwaambieje kilio hicho. Hakikuwa na maneno. Mimi nimezika wazazi wangu na mtoto mchanga, na sijapata kulia hivyo. Kisha akaendelea kutembea, na mzunguko ukaisha, na taha ikafumuliwa mtoni kama inavyotakiwa.

Wakamwita kuhani, wakachoma majani. Dil Keshari alifanya yote, hakubisha hata moja.

Purna Kaji alipata alichokitaka, na sijaona mtu aliyepata akabaki fukara namna ile. Mkewe anampikia. Anaweka sahani mbele yake, anatoka nje, anakaa kisimani mpaka amalize. Hawagombani tena hata kuhusu chumvi. Nilijaribu kumsemesha. "Dada, miaka inakwenda, msamehe, naye ni baba." Akanijibu taratibu bila hasira, "Yeye alikuwa na mtoto aliyekufa, akampumzisha. Mimi nilikuwa na mtoto aliye hai, Chiri. Nani kanirudishia?"

Mnadhani imeishia hapo? Wapi!

Mwaka uliofuata, kabla ya Wiki ya Utamaduni, niliamka nikaenda kununua maziwa, nikaona bango jipya kwenye geti la tiketi. Kubwa kama ukuta wa nyumba. Ni Dil Keshari. Uso wake wote, mdomo umefunguka, mishipa ya shingo imesimama, na nyuma yake nguo nyeupe ya taha. Chini wameandika kwa lugha ya wageni, nikamwomba mwenye mkahawa anisomee. "Njoo ushiriki furaha yetu." Nikamtafuta Subodh nimrarue. Akashangaa kweli kweli. "Shangazi, ni picha bora kuliko zote! Imeshinda shindano! Watu wanauliza taha ile, wanataka kuiona tena." Purna Kaji alilichana kwa panga lake la mianzi, wakamweka kituoni mpaka jioni. Kesho yake likatundikwa jingine, juu zaidi, asipofika.

Dil Keshari sasa haendi shambani kwa kupitia getini. Anazunguka nyuma ya machinjio, njia ndefu yenye tope, akiwa na kikapu mgongoni.

Juzi alikuwa amekaa dukani kwangu, ananisaidia kupanga bakuli. Akaja kijana mmoja mgeni, nywele amefunga kichwani, kamera kifuani. Akamwangalia, akamwangalia tena, akatabasamu mpaka masikioni. Akatoa karatasi ya kamati yenye picha ile ile, akamwonyesha, akamwelekezea kidole. Wewe! Kisha akainua kamera, akafungua mdomo wake mwenyewe, akakunja uso, akatuonyesha jinsi anavyotaka. Hakuwa na ubaya, naapa, alikuwa amefurahi kama mtoto.

"Anataka nini?" akaniuliza Dil Keshari.

Nilitamani kumdanganya. "Anataka ulie," nikamwambia. "Kama pale."

Akamwangalia yule kijana, si kwa chuki. Akajifuta mikono kwenye sari.

"Mwambie nilikuwa naye mmoja tu," akasema.

Mimi lugha yao siijui, najua ya kuuza tu. Nikamuuzia mtindi.